Siku nzima na bi mkubwa kwenye makasri ya wafalme wa Sweden: chukueni mawili tu, msikubali kukimbizwa

#1 BintiMuheza

Wakuu shikamooni, na wa rika langu mambo vipi. Uzi huu nauandika kwa wale wenye wazazi au wageni wanaokuja huku Sweden kiangazi, na kwa nyie wa nyumbani mnaopenda historia hata kama safari hamna. Ni mrefu, mwenye haraka atarudi jioni akitulia.

Mama yangu alikuja mwezi wa sita kunitembelea. Ni mwalimu mstaafu, kafundisha historia Muheza na Korogwe zaidi ya miaka thelathini, yaani mambo ya wafalme wa Ulaya kayasema ubaoni mpaka yamemtoka puani lakini nyumba ya mfalme hata moja hajawahi kuikanyaga. Goti lake la kulia nalo linasumbua kwahiyo habari za kupanda treni ushuke upande basi utembee nikaona hapana, nikatafuta mwongozaji wa binafsi mwenye gari lake, siku moja, sisi wawili tu.

Sasa kabla sijaenda mbali niseme kilichonifanya niandike. Mwaka juzi nilimpeleka shangazi na kampuni moja (jina naliacha), tuliahidiwa makasri matano kwa siku, na matano kweli tuliyaona, ila tuliyaona kwa nje. Mnashuka, picha, dakika ishirini, haya pandeni twende. Jioni namuuliza shangazi umependa lipi akaniambia mwanangu yote yamekuwa moja kichwani. Hela nilitoa, naye mwezi mzima alikuwa ameingoja siku ile. Iliniuma sana.

Safari hii mwongozaji aliponiletea ratiba ya sehemu nne nikamwambia kaka tupunguze, nataka mbili, Drottningholm na Gripsholm, na kote tuingie ndani. Akashangaa kidogo halafu akafurahi, akasema wengi wanamlazimisha aongeze. Haya makasri mawili yanafaa kuunganishwa maana yote yapo magharibi ya Stockholm kando ya ziwa Mälaren, la kwanza kama kilomita 11 tu kutoka katikati ya jiji na la pili kama 70, njia kubwa nzuri, mgonjwa wa goti analala usingizi kwenye siti.

DROTTNINGHOLM. Tafsiri yake kisiwa cha malkia. Mwongozaji alituuliza kabla hatujashuka, malkia gani? Mama akasema wewe ndio utuambie. Akasema anaitwa Katarina Jagellonica, binti wa mfalme wa Poland, mumewe Johan III ndiye alimjengea nyumba ya kwanza hapa miaka ya 1500 mwishoni, shikeni hilo jina mpaka mchana tutakutana naye tena. Tukalishika.

Nyumba ile ya Katarina haipo, iliungua tarehe 30 Desemba 1661, na aliyekuwa ameinunua mwaka huohuo ni malkia mwingine, Hedvig Eleonora. Huyu mama alifiwa na mume, Karl X Gustav, mwaka 1660 akiwa na miaka 23, mtoto wao ana miaka minne, na nyumba nayo inateketea. Mwaka 1662 akamwita fundi mkubwa wa wakati ule Nicodemus Tessin akaanza kujenga hili kasri tunaloliona leo, mzee akafa 1681 kazi haijaisha mwanawe akaendeleza.

Chumba cha kulala cha Hedvig Eleonora ndicho kilichomsimamisha mama. Ni chumba cha heshima, siyo cha kujifunika shuka ulale, watu walipokelewa humo. Saizi ni cha bluu na dhahabu mpaka macho yanauma lakini mwongozaji akasema mwanzo kilikuwa cheusi, rangi ya msiba wa mumewe, bluu imekuja 1701. Mama akanigeukia akasema "eda hiyo". Ikabidi nimweleze mwongozaji maana ya eda, mjane anakaa ndani, mavazi yake, siku zake. Akasikiliza vizuri akasema atawaambia na wageni wengine. Mama akaniongezea kwa Kiswahili, yetu ina miezi minne na siku kumi, huyu kakaa nayo miaka arobaini ukutani. Tukasimama pale muda mrefu hakuna anayetuambia twendeni. Hicho ndicho ulicholipia ukimchukua mtu wako mwenyewe.

Halafu teatro, yaani ukumbi wa maigizo. Kwa nje utapita hivi, unaona ni jengo la kawaida kama bohari. Lilijengwa 1766 kwa ajili ya malkia Lovisa Ulrika na ndani kuna mitambo ya mbao ya wakati ule ambayo mpaka leo inafanya kazi kwa mikono. Chini ya jukwaa kuna gurudumu kubwa la kuzungushwa na watu kama wanavyong'oa nanga, wakilizungusha mandhari yote ya jukwaani inabadilika kwa sekunde chache, msitu unaondoka inaingia ikulu. Radi ni sanduku la mbao lenye mawe wanalibembeza juu ya dari. Mawimbi ya bahari ni magogo yaliyochongwa kwa mzunguko, yakizungushwa unaona bahari inakuja kabisa. Mimi mtu wa Tanga nimekulia na bahari na bado niliganda.

Kilichoyahifadhi hayo yote ni kusahauliwa. Mfalme Gustav III, mwana wa huyo Lovisa Ulrika, alipenda maigizo kupita kiasi, Machi 1792 akapigwa risasi kwenye dansi ya vinyago pale Opera ya Stockholm akafa siku kumi na tatu baadaye, basi teatro ikafungwa ikawa stoo. 1921 mtu wa maktaba Agne Beijer akaingia kutafuta mchoro akakuta kila kitu kipo, kamba zimeoza tu. Mwaka uliofuata wakaifungua tena.

Ndani ya hiyohiyo teatro mama akauliza swali lake. Akamwambia mwongozaji, miaka hiyo Ulaya yote ilikuwa kwenye biashara ya utumwa, humu ndani mtu mweusi hakuwepo? Yule kaka akanyamaza kidogo akasema alikuwepo, na kwa kawaida huwa simsemi mpaka niulizwe.

Anaitwa Badin. Aliletwa kutoka St Croix, visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Wadenmark, mtoto mdogo, akapewa Lovisa Ulrika kama zawadi karibu mwaka 1760. Zawadi. Mama aliposikia hilo neno alikaa chini kwenye benchi. Akakuzwa pamoja na watoto wa mfalme, akasomeshwa, na mwaka 1768 akabatizwa kwenye kanisa la humohumo Drottningholm akabebeshwa majina ya familia ya kifalme, Adolf Ludvig Gustav Fredrik Albert, ila jina lake la asili linaandikwa Couschi. Hilo Badin lenyewe ni neno la Kifaransa la mtu wa kuchekesha, yaani ndivyo walivyotaka awe. Lakini mtu huyu akawa msomi, ana maktaba yake, anaandika daftari lake la kumbukumbu kwa Kifaransa, na malkia alimwamini mpaka alipofariki 1782 Badin ndiye aliyehusika kuziteketeza karatasi zake za siri kabla Gustav III hajazifikia, na mfalme alipandwa hasira kwelikweli. Badin alikufa Stockholm 1822. Picha yake ya mwaka 1775 ipo kwenye mkusanyiko wa Nationalmuseum, amevaa manyoya kichwani mbele ya ubao wa chesi, mkono kaishika kete, anakutazama usoni moja kwa moja.

Tulipotoka nje mama alitaka kuliona hilo kanisa. Halikuwa wazi saa ile, tukasimama nje.

Bustani sitaiandika sana, ni kubwa na inapendeza, sanamu za shaba za Adriaen de Vries ni nyara za vita kutoka Prague na Denmark, za bustanini saizi ni nakala na zenyewe zipo kwenye jumba jirani. Na kasri dogo la Kichina, Kina slott, zawadi ya sikukuu ya kuzaliwa ya Lovisa Ulrika 1753, goti la mama lilikataa kwahiyo tuliliona kwa mbali.

Gripsholm naiandika chini, nipike kwanza.

#2 Mvuvi_wa_Pangani

Dada shikamoo, nimesoma yote bila kupumua. Huyo Badin nimekuwa nikisoma mambo ya watumwa wa Zanzibar na Oman miaka yote sikujua kama kaskazini kule kwenye barafu nako walifika. Swali, hilo kasri mfalme wa sasa anakaa au ni makumbusho tu? Na lile simba la ajabu linalosambaa mtandaoni, lile lenye macho ya karibukaribu na ulimi nje, si la huko?

#3 BintiMuheza

Marahaba mdogo wangu. Anakaa! Familia ya mfalme wanaishi Drottningholm tangu 1981, upande wa kusini ni wao hauingii, sisi tunapita upande mwingine. Na tangu 1991 lipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Simba unalosema lipo Gripsholm, na ndio naingia huko.

Mji unaitwa Mariefred, amani ya Maria. Mdogo, nyumba za mbao, ziwa, halafu mbele yako kasri jekundu la matofali lenye minara minene ya mviringo, linajitazama majini. Mama hakusema ni zuri. Aliweka mkono ukutani akauliza matofali haya wametoa wapi. Mwongozaji akacheka kwa furaha, akasema mwalimu umefika palepale. Hapo Mariefred palikuwa na watawa, ndio asili ya jina la mji, mfalme Gustav Vasa alipoiondoa Sweden kwenye Ukatoliki akachukua mali za kanisa, 1537 akaanza kujenga ngome yake na monasteri ikabomolewa tofali zikaletwa hapa. Kwahiyo ukuta ule ulioushika ni kanisa la watu.

Sasa mnamkumbuka Katarina? Gustav Vasa alikuwa na wana, Erik na Johan, mama tofauti. Baba alipofariki Erik akawa mfalme, Erik XIV, mtu mwenye akili nyingi na shaka nyingi. Johan mdogo wake akamwoa Katarina wa Poland 1562 bila ridhaa ya kaka, Erik akaona huyu anajiunga na maadui zangu, akamkamata 1563 akamfungia Gripsholm. Katarina aliambiwa wewe ni binti wa mfalme uko huru, kaa pazuri na watu wako. Inasimuliwa kwamba alivua pete yake ya ndoa akawaonyesha maandishi yaliyochongwa, kwa Kilatini, hakuna ila kifo. Akaingia kifungoni na mumewe. Miaka minne! Mwaka 1566 akazaa mtoto humo ndani, Sigismund, ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa Poland na wa Sweden vilevile.

Mwongozaji alitusimulia haya tukiwa kwenye chumba chenyewe cha mnarani siyo kwenye gari, na ndio maana nasema nendeni na mtu anayejua. Mama alishika pete yake. Baba yetu alifariki 2014.

Haikuishia hapo. 1568 Johan na mdogo wao Karl wakampindua Erik, Johan akawa mfalme, na Erik akaletwa kufungwa, mojawapo ya sehemu alizofungwa ni hapohapo Gripsholm. Erik akafa 1577 kwenye ngome nyingine inaitwa Örbyhus, watu wakasema kalishwa sumu kwenye supu ya njegere, miaka ikaenda na kwenda, 1958 kaburi likafunguliwa wakapima wakakuta aseniki. Na huyo Johan ndiye aliyekuja kumjengea Katarina Drottningholm. Kisiwa cha malkia, baada ya jela ile. Mimi hapo ndio nikaelewa kwanini kaka yule alituambia tushike jina toka asubuhi. Ila kama ningerudia safari ningeanza Gripsholm halafu Drottningholm, umuone akifungwa kwanza ndio uone alichojengewa. Mama naye kasema hivyohivyo, masomo yanafundishwa kwa mpangilio.

Simba sasa. Mwaka 1731 mtawala wa Algiers alimpelekea mfalme Fredrik I simba hai kama zawadi, akafugwa Djurgården pale Stockholm. Alipokufa ikabaki ngozi na mifupa akapewa mtu wa kujaza wanyama, inaaminika hakuwahi kumuona simba hai maishani, akafanya alivyoweza. Watu wanamcheka mtandaoni kote. Mama hakucheka. Alimtazama akasema maskini, umetolewa kwenu, hata sura yako wamekunyang'anya. Na mimi toka siku hiyo ile picha siwezi tena kuisambaza. Asubuhi mtoto zawadi, mchana simba zawadi, mioyo yetu ilikuwa imeshajaa.

Humo ndani pia kuna mkusanyiko wa taifa wa picha za watu, zaidi ya elfu nne, ulianzishwa 1822. Mwaka uleule aliokufa Badin, mama ndiye aliyeliona hilo siyo mimi. Pia Gustav III alijijengea kateatro kadogo ndani ya mnara mmoja, 1781, kazuri mno, na mwanawe Gustav IV Adolf alisaini kuacha ufalme hapohapo 1809. Yaani hiyo nyumba kila aliyeingia imemkuta na jambo.

#4 Lushois_wa_Kaskazini

Jambo mama. Miye niko mtu wa Lubumbashi, naishi Uppsala mwaka wa kumi na mbili sasa. Uzi ni mzuri sana lakini naona umetuacha. Kasri ya Uppsala iko juu ya kilima, rangi ya waridi, Gustav Vasa njo alianza kujenga 1549, na hapo malkia Kristina aliacha taji mwaka 1654, akaenda zake Roma. Huyo Erik wako mwenye shaka, 1567 aliua wakubwa wa ukoo wa Sture humo ndani, mmoja alimchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini sisi watu wa Katanga tunaijua ile kasri kwa sababu ingine. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikulia mule, baba yake alikuwa gavana wa mkoa, familia ilikaa ndani ya kasri. Na ni yeye ndege yake ilianguka karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, alikuwa anaenda kuongea na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, juu ya kusimamisha vita ya kwetu. Baba yangu alikuwa kijana, anakumbuka ile asubuhi redio ilivyosema. Wakati baba alikuja hapa nilimpeleka kasri kwanza, kisha kaburi, iko kwenye makaburi ya zamani ya mji, unatembea tu. Alisimama bila kofia. Kwetu mtu anasema makasri mawili, mimi nasema tatu.

#5 BintiMuheza

Kaka yangu wa Lubumbashi asante sana, hili la Hammarskjöld nilijua kifo chake ila sikujua alikulia ndani ya kasri, nimemsomea mama kwa simu akakaa kimya halafu akasema mwakani. Lakini tatu kwa siku moja bado nakataa kwa heshima zote. Uppsala ipo kaskazini kama kilomita 70 na Gripsholm ipo magharibi, ukiunganisha zote siku inaliwa na gari. Baba yako hakupita Uppsala dakika ishirini, mlikaa. Hiyo ni siku yake peke yake, na kanisa kuu lipo palepale, Gustav Vasa kazikwa humo, na Johan na Katarina pia wapo humo, kwahiyo ni mwisho mzuri wa ile hadithi.

#6 mamaWawili

Dada mimi nipo Västerås, wakwe wanakuja mwezi wa saba na watoto ninao wawili, mdogo miaka mitatu. Bila mwongozaji haiwezekani kabisa? Bajeti. Na kiti cha magurudumu kinaingia? Baba mkwe hatembei sana.

#7 Nyundo_Tumba

Shemeji inawezekana. Drottningholm unapanda treni ya chini mpaka Brommaplan halafu basi, rahisi tu. Au kiangazi kuna boti kutoka karibu na Stadshuset, jumba la jiji, karibu saa nzima, watoto wanapenda. Mariefred kuna meli ya mvuke ya mwaka 1903, jina lake ni lilelile la mji, inachoma makaa ya mawe mpaka leo, inachukua masaa matatu na nusu hivi kutoka Stockholm kwahiyo siku nzima ni ya meli, na kule kuna katreni kadogo ka reli nyembamba. Kwa watoto mimi ningechukua hiyo. Historia watapata wakikua.

#8 BintiMuheza

Nyundo umesema vizuri. mamaWawili nikuongezee machache. Kiti cha magurudumu Gripsholm ni kazi, ngazi za mnarani zimepinda na nyembamba, ua una mawe, mama yangu vyumba vingine alivikosa akakaa chini uani kando ya ile mizinga mikubwa miwili ya Warusi, Nguruwe Dume na Nguruwe Jike wanavyoiita, mwongozaji akampigia picha za juu akashuka kumsimulia upya. Piga simu kasri lenyewe kabla ya kwenda uwaeleze hali ya mzee. Drottningholm kuna nafuu zaidi, na bustani ni tambarare, baba mkwe atafurahi huko hata asipoingia kila chumba.

Hela, waongozaji binafsi wengi wanatoza kwa gari na masaa siyo kwa kichwa, kwahiyo mkiwa watano au sita mkagawana siyo mbaya kama inavyosikika mkiwa wawili. Uliza kabla kama tiketi za kuingia zimo au utalipa mwenyewe, hapo ndipo watu wanagombana. Teatro unaingia kwa ziara yenye saa maalum kwahiyo kata mapema. Na angalieni tarehe, kiangazi ndio kila kitu kipo wazi, baridi ikiingia sehemu nyingi zinafungua wikendi tu au zinafungwa kabisa.

Kwa wakwe zako kama ni mara ya kwanza na mzee hatembei, chukua Drottningholm peke yake, mbebe chakula, mtandike mkeka bustanini. Na muulizeni mwongozaji habari za Badin, msisubiri awaambie. Namba ya yule kaka nakutumia inboksi saizi, mwambie mapema umri wa watoto maana viti vyao vya gari inabidi aviombe kwa mtu.